Uvimbe kwenye moyo wa mtoto: si kila mmoja hukatwa

SWALI: Daktari, mwanangu ana miezi miwili. Alipopimwa moyo alikutwa na vivimbe vitatu, tukaambiwa ni rabdomayoma na kwamba tusubiri, turudi kliniki. Je, kusubiri si hatari? Na ikibidi apasuliwe, atahimili nusukaputi? — Mama M., Morogoro

JIBU: Pole sana, mama. Madaktari hawajamtelekeza mwanao. Rabdomayoma ndiyo uvimbe wa moyo unaowapata zaidi watoto wachanga. Si saratani, na mara nyingi hunywea wenyewe katika miaka ya mwanzo. Kwa hiyo mtoto anayenyonya vizuri na kuongezeka uzito hufuatiliwa kwa kipimo cha eko (ultrasaundi ya moyo), bila kisu.

Upasuaji huhitajika uvimbe unapoziba njia ya damu, au unapovuruga mapigo ya moyo hadi dawa zishindwe. Hata hapo, mara nyingi huondolewa sehemu inayoziba tu. Kung'ang'ania kutoa wote kunaweza kujeruhi misuli na valvu, ilhali unaobaki huweza kunywea.

Kuhusu nusukaputi, hatari ipo, na timu hujipanga kwa ajili yake. Moyo ulioziba hauvumilii presha kushuka ghafla. Daktari wa usingizi hutoa dawa kidogo kidogo, huhakikisha mtoto hajapungukiwa maji, na hufuatilia presha muda wote kwa mrija mwembamba ulio ndani ya mshipa. Damu, dawa za mapigo na mashine ya kushtua moyo huwa tayari. Moyo ukisimamishwa, mashine maalumu hufanya kazi yake na ya mapafu. Baadaye mtoto hulazwa ICU. Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, hufanya upasuaji wa moyo kwa watoto.

Siku ya upasuaji ikifika, zingatia saa utakayoambiwa uache kunyonyesha. Usimwonee huruma ukampa hata kidogo: maziwa yakipanda akiwa usingizini yanaweza kuingia mapafuni.

Muulize pia daktari kuhusu tuberasi sklerosisi, ugonjwa wa kijenetiki unaoambatana mara nyingi na vivimbe hivi, hasa vikiwa zaidi ya kimoja. Dalili zake ni mabaka meupe ya ngozi na degedege, pengine mishtuko midogo ya mfululizo anapoamka.

Akianza kutoka jasho anaponyonya, kupumua kwa shida, kuwa wa bluu midomoni au kuzimia, mpeleke hospitali saa hiyo hiyo, usingoje tarehe ya kliniki. Asipokuwa na dalili hizo, tarehe hiyo usiikose: kusubiri ni salama pale tu mtoto anapopimwa.