Somo: Kulirejesha Jengo la Ghorofa Baada ya Moto

Moto unapozimwa, hatari ya jengo la ghorofa huwa haijaisha. Kuta husimama, masizi hufunika vyumba, na mwenye jengo hushawishika kupiga lipu mpya na kupaka rangi ili wapangaji warudi upesi. Lakini lipu huficha nyufa, na wanaorudi hulala chini ya sakafu ya zege ambayo hakuna aliyeipima. Kwa hiyo upimaji hutangulia kila kazi nyingine.

Taifa lina mfano wa karibu. Soko Kuu la Kariakoo jijini Dar es Salaam, lililosanifiwa na Beda Amuli na kujengwa miaka ya 1970, liliungua usiku wa tarehe 10 Julai 2021. Halikubomolewa; lilikarabatiwa, na jengo jingine jipya likajengwa pembeni yake. Kazi hiyo ilichukua zaidi ya miaka mitatu, na wafanyabiashara walihakikiwa kabla ya kurejea. Ingawa soko si makazi, mafunzo yake mawili yanafaa kwa nyumba za kupanga: zege lililoungua laweza kuokolewa likichunguzwa vyema, na haki za waliokuwamo huhitaji kumbukumbu zilizoandikwa mapema.

Moto hufanya nini ndani ya zege

Zege likipata joto la takriban nyuzi 300 za Selsiasi huanza kudhoofika, na mara nyingi hugeuka rangi ya waridi. Likipita nyuzi 600 huelekea weupe wa kijivu na kumeguka. Kokoto nyingi za Mwanza hutokana na itale, mawe magumu ya jamii ya yale ya Mwamba wa Bismarck. Ndani yake mna madini ya kwatzi, ambayo hutanuka ghafla kwenye nyuzi 573 na kulipasua zege kutoka ndani.

Nondo hupoteza takriban nusu ya nguvu zake zikifikia nyuzi 600. Zikipoa, nyingi hurudisha sehemu kubwa ya nguvu hizo, zege halirudishi. Aidha, mabomba na nyaya za plastiki zikiungua hutoa moshi wenye asidi unaoweza kusababisha kutu katika nondo miezi mingi baadaye. Ndiyo maana masizi huondolewa mapema, na sehemu zilizo wazi hufunikwa kabla ya mvua za vuli au masika.

Hatua za kufuata

Kwanza, mtu asiingie hadi Jeshi la Zimamoto na Uokoaji litakapolikabidhi jengo, na umeme na gesi viwe vimekatwa.

Pili, mhandisi aliyesajiliwa alikague jengo, ghorofa baada ya ghorofa. Hugonga zege kwa nyundo akisikiliza mlio wa uvungu, hutazama nguzo zilizoinama na sakafu zilizobonyea, kisha huchukua vipande vya zege vikapimwe maabara.

Tatu, uamuzi utokane na vipimo. Zege bovu huchokolewa hadi kwenye zege zima, nondo huongezwa panapohitajika, na nguzo huzungushiwa zege jipya. Pale uharibifu unapozidi, sehemu hiyo hubomolewa.

Nne, kazi inayogusa nguzo, boriti, sakafu au ngazi iombewe kibali cha ujenzi katika halmashauri, na ifanywe na mkandarasi aliyesajiliwa. Mfumo wa umeme usukwe upya na fundi mwenye leseni ya EWURA.

Haki za wakazi

Wapangaji na mwenye jengo waandike mapema orodha ya waliokuwamo, vyumba vyao na kodi iliyokwisha kulipwa, na nakala iwekwe katika ofisi ya Serikali ya Mtaa. Katika majengo ambayo kila mmoja anamiliki sehemu yake, Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Jengo ya mwaka 2008 inazitambua ngazi, paa na sehemu nyingine za pamoja kuwa mali ya wote. Hivyo gharama za kuzirejesha huwahusu wote. Ikumbukwe pia kwamba bima ya jengo kwa kawaida haifidii samani za mpangaji.

Kujenga vizuri zaidi

Ukarabati ni nafasi ya kusahihisha yaliyousaidia moto kuenea. Ngazi zisigeuzwe stoo, njia ya pili ya kutokea ipatikane, na milango ya kutokea isifungwe kwa makufuli. Katika mitaa ya milimani kama Igogo, Mabatini na Isamilo, ambako gari la zimamoto hupanda kwa shida, vizimamoto na akiba ya maji ndani ya jengo vina umuhimu wa pekee.

Moto ukitokea, namba ya dharura ya zimamoto ni 114. Kabla ya kurudi katika jengo lililoungua, kila mkazi ana haki ya kuuliza ripoti ya mhandisi inasema nini.