Kabati la Jikoni Kitengela: Pesa Ziende Kwanza Pasipoonekana

Maonyo mengi kuhusu makabati ya mbao yameandikwa kwa ajili ya watu wa miji yenye unyevu: Mombasa, Malindi, Kampala, Entebbe. Anayejenga Kitengela, Isinya au Kajiado mjini akiyafuata neno kwa neno atamwaga pesa pasipo na shida na kuiacha shida yenyewe wazi. Huku hewa ni kavu sehemu kubwa ya mwaka. Mvua za masika ni Machi hadi Mei, za vuli Oktoba hadi Desemba, na kuna miaka zinakataa kabisa. Kuanzia mwisho wa 2020 hadi mwisho wa 2022 misimu mitano ilifuatana bila mvua ya maana, na wafugaji wa Kajiado wakazika mifugo yao. Kisha Aprili 2024 maji yakaingia majumbani Kitengela na Athi River. Kabati la huku linapaswa kuvumilia hali zote mbili, ukavu wa miezi mingi na maji ya ghafla.

Tuanze na ukavu, maana ndio unaoharibu makabati mengi kabla hata deni la ujenzi halijaisha. Mbao nyingi za yadini kando ya barabara ya Namanga ni saiprasi na paini zilizotoka nyanda za juu, ambako hewa ni baridi na mvua ni nyingi. Serikali ilipositisha ukataji wa miti katika misitu ya umma Februari 2018, wafanyabiashara walianza kutegemea zaidi miti ya mashambani na mbao za nje ya nchi. Mti wa shambani mara nyingi hukatwa ungali mchanga, hupasuliwa leo na kupakiwa kesho. Ukifika Kitengela bado una maji ndani yake.

Ubao haupungui wakati wote unapokauka. Hadi unyevu wake ushuke kufikia takriban asilimia 30, maji yanayotoka ni yale yaliyojaa katika matundu yake, na vipimo havibadiliki. Kuanzia hapo kila asilimia inayotoka huupunguza upana, ilhali urefu hauguswi kwa kiasi cha kuonekana. Ndani ya nyumba ya huku ubao hutulia kwenye asilimia 10 hadi 12 hivi. Mombasa ungetulia juu zaidi. Basi mlango wa kabati uliotengenezwa kwa ubao wa asilimia 25 utaendelea kusinyaa ukiwa tayari umetundikwa jikoni kwako. Kipande cha upana wa milimita 300 kinaweza kupoteza milimita tano au zaidi. Hapo ndipo unapoona nyufa, milango iliyopinda na droo zinazochezacheza, na fundi anaanza kulaumu jua.

Muuzaji atakuambia, "Hii ni kavu, mama, ishike mwenyewe." Kuishika hakusaidii, juu unaweza kuwa mkavu na katikati mbichi. Fundi mwenye kipimo cha umeme cha unyevu ni wa kuthaminiwa. Kama hana, omba kipande kidogo kilichokatwa katikati ya ubao, si mwishoni, ukipime kwa mizani ya jikoni. Kiweke kwenye oveni yenye joto la nyuzi 100 hivi kwa saa kadhaa, ukikipima mara kwa mara mpaka uzito usishuke tena. Tofauti ya uzito igawe kwa uzito wa mwisho, uzidishe kwa 100. Kipande cha gramu 120 kilichoishia gramu 100 kilikuwa na asilimia 20. Ubao huo haujawa tayari.

Ubao wa namna hiyo si lazima uurudishe. Ununue mapema, uupange kivulini juu ya matofali, kila safu ikitenganishwa na vipande vyembamba ili upepo upite, ncha zikipakwa rangi zisikauke upesi na kupasuka. Mbao za inchi moja, kwa hewa ya huku, miezi michache ya kiangazi huzifikisha pazuri. Usiziweke chini kwenye udongo: mchwa wa Kajiado hawahitaji mwaliko. Chunguza pia vitundu vidogo vyenye unga mlaini, alama ya bungua, kwani ubao mmoja wenye bungua unaweza kuambukiza kabati zima.

Ningejenga vipi mimi? Kasha la kabati, yaani pande, sakafu na rafu, ningelifanya kwa bodi za kiwandani, si mbao nzima. Plaiwudi na blokibodi hazisinyai kama ubao, na ndiyo sababu zilibuniwa. Mbao nzima ningeziachia fremu za milango, tena kwa mtindo wa zamani: paneli ya katikati inaingia kwenye mfereji wa fremu bila gundi, iweze kupumua. Seremala anayepiga gundi na misumari paneli hiyo pande zote nne anaipasua mwenyewe.

Kuhusu MDF, ile bodi ya nyuzi za mbao zilizoshindiliwa, watu wengi huiogopa bila sababu na wengine huiamini kupita kiasi. Ni laini, hupokea rangi vizuri, na kwa milango ya juu haina neno. Ile yenye kiini cha rangi ya kijani imetengenezwa kustahimili unyevunyevu, lakini kustahimili unyevunyevu si sawa na kukaa majini. Chipubodi iliyofunikwa melamini ndiyo ya bei nafuu, na ndiyo inayovimba kama mkate maji yakipata mlango, wala hairudii hali yake hata ikikauka. Kabla ya kununua omba kipande cha bodi hiyohiyo. Pima unene wake, kizamishe kwenye ndoo usiku kucha, kisha pima tena. Jaribio hilo la bure litakueleza zaidi kuliko lebo. Unene wenyewe pia uthibitishe, maana bodi inayouzwa kama ya milimita 18 mara nyingine ni pungufu.

Kingo ndizo mdomo wa bodi. Ukingo usiofunikwa hunywa maji, na mafundi wengi hufunika ule unaoonekana tu. Sisitiza zote zifunikwe: za chini, za nyuma, na shimo lililokatwa kwa ajili ya sinki, ambalo lipakwe vanishi au silikoni kabla sinki halijakaa.

Sasa maji. Huku hayatoki hewani; hutoka kwenye bomba, sakafuni na ukutani. Sehemu kubwa ya Kitengela imekaa juu ya udongo mweusi wa mfinyanzi unaovimba mvua ikinyesha na kupasuka kiangazi. Nyumba ambayo haikuwekewa karatasi ya kuzuia unyevu juu ya msingi, hunyonya maji kutoka chini kupitia mawe ya kuta. Ukiona unga mweupe wa chumvi kwenye plasta, karibu na sakafu, hapo unyevu unapanda. Chumvi hiyo huweza kutoka ardhini au kwenye maji ya kisima yaliyotumiwa kuchanganya simiti, na huendelea kuvuta unyevu hata baada ya kupaka rangi. Tibu ukuta kwanza.

Nyumba mpya ina mtihani wake. Zege na plasta hukauka polepole, takriban mwezi kwa kila inchi ya unene, na familia nyingi huwa na haraka ya kukimbia kodi. Bandika karatasi ya plastiki ya nusu mita kwa nusu mita ukutani au sakafuni, funga kingo zote kwa selotepu, iache usiku mzima. Ukikuta matone ndani, makabati yasubiri.

Kwa sababu hiyohiyo kasha lisiguse sakafu. Lisimame kwenye miguu ya plastiki ya sentimita 10 hadi 15, mbele lifunikwe kwa ubao unaoweza kuchomolewa. Nyumba ikipigwa deki au bomba likipasuka, utachomoa ubao huo na kukausha. Mgongo wa kabati la sinki uachwe wazi au ukatwe kiasi cha kufikia mabomba. Na kama mtungi wa gesi unawekwa ndani, lazima kuwe na matundu ya hewa chini kabisa, kwa kuwa gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa na ikivuja hutuama chini. Bora zaidi mtungi ukae nje ya ukuta.

Juu ya kaunta, graniti. Marumaru huchimbwa papa hapa Kajiado na ni mazuri kwa sakafu, ila ndimu na siki huyala.

Tuje kwenye bajeti. Mafundi wengi hutoa bei kwa futi ya urefu, na bei hiyo hupendeza kwa sababu ya yale isiyoyataja: bawaba, reli za droo, kaunta, kukata shimo la sinki, usafiri wa lori la kanta kutoka Nairobi, na kufunga. Omba orodha ya vifaa, kisha uhesabu mwenyewe. Chukua makabati matano ya chini yenye upana wa sentimita 60, kina sentimita 56 na kimo sentimita 72, kila moja na rafu moja. Kila kasha linahitaji karibu mita za mraba 1.55 za bodi nene. Matano ni 7.75. Bodi ya futi nane kwa nne ina mita za mraba 2.98. Ukiongeza asilimia 20 ya vipande vinavyopotea unapita bodi tatu kidogo, basi nunua nne. Ya tano ni ya milango, na moja nyembamba ni ya migongo. Bawaba ni mbili kwa kila mlango, kumi kwa jumla. Fundi anayekutajia bodi tisa kwa kazi hiyo ana jiko lingine analolijenga.

Katika kila shilingi mia moja, bila kaunta, ningepeleka 40 kwenye bodi na mbao, 20 kwenye bawaba na reli, 25 kwa ufundi, na 15 ningezificha kama akiba. Bawaba za bei ya chini ndizo hufa kwanza, na mlango ulioning'inia huharibu sura ya jiko zima. Pa kupunguza ni kwenye milango: glosi nyeupe inayong'aa ni ghali, na kwa vumbi la Kitengela utakuwa mtumwa wa kitambaa. Makabati ya juu yanaweza kungoja mwaka ujao. La sinki lisingoje wala lisifanywe kwa rahisi. Ukinunua dukani, uliza kama bei ina VAT ya asilimia 16.

Kabla ya kutoa malipo ya kwanza, nenda ukaone kazi ambayo fundi huyo aliifanya angalau mwaka mmoja uliopita. Fungua kabati la sinki kwanza. Cheti cha NITA, mamlaka ya taifa ya mafunzo ya viwandani, ni dalili njema, lakini kabati lililopita msimu wa mvua ni ushahidi. Mkubaliane kwa maandishi: mchoro wenye vipimo, aina na unene wa bodi, aina ya bawaba, siku ya kumaliza. Lipa kwa M-Pesa au benki ili kubaki na kumbukumbu, na kwa awamu zinazofuata kazi. Ukiweza, nunua vifaa mwenyewe na umlipe fundi kazi yake tu. Mambo yakiharibika, Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, na sheria inaitaka kuyamaliza ndani ya siku 60, lakini itataka kuona makubaliano na malipo hayo.

Wakati mzuri wa kufunga ni kiangazi, Januari na Februari au Julai hadi Septemba, kuta zikiwa kavu. Andikeni kwenye makubaliano kwamba asilimia 10 ya malipo ya fundi itabaki kwako mpaka mvua inayofuata ipite. Milango ikiendelea kufunga vizuri baada ya hapo, mlipe siku hiyohiyo bila kumzungusha.