Chuma Ndani ya Gorogoro: Maharagwe Yenye Madini kwa Jiko la Ayany

Chapati madondo, githeri, wali kwa maharagwe, ugali kwa sukuma wiki. Mkazi wa Kibera, awe wa Ayany, wa Olympic au wa Makina, au wa Kawangware, ng'ambo ya Barabara ya Ngong, hahitaji kuelezwa vyakula hivi. Vinashibisha na bei yake inavumilika. Lakini tumbo kujaa ni jambo moja, na mwili kupata madini unayoyahitaji ni jambo lingine. Mtoto aweza kumaliza sahani nzima na bado damu yake ikapungukiwa na chuma.

Mwaka wa 2011 Kenya ilifanya utafiti wa kitaifa kuhusu vitamini na madini katika miili ya wananchi. Katika kila wajawazito 100 waliopimwa, takriban 42 walikuwa na upungufu wa damu. Kwa watoto ambao hawajafika umri wa kwenda shule, walikuwa takriban 26. Takwimu za zinki zilitisha zaidi: watoto wadogo wapatao 83 katika kila 100 walikuwa na upungufu wake. Tatizo hili basi si la nyumba moja isiyojua kupika. Limeingia karibu kila mlango.

Chuma ndicho kinachoiwezesha damu kusafirisha oksijeni. Kikipungua, mama huchoka kabla ya saa sita, husikia kizunguzungu akiinuka, viganja na kope za ndani hupauka, na mtoto hushindwa kutulia na kushika anayofundishwa darasani. Zinki nayo huusaidia mwili kukua na kupigana na magonjwa. Ndiyo maana mtoto anayehara hupewa kituoni vidonge vya zinki kwa siku 10 hadi 14 pamoja na maji ya ORS. Katika mitaa ambako mitaro ya maji taka hupita mlangoni, kuhara hurudi mara kwa mara, na kila kunaporudi huondoka na zinki ya mwili. Mtoto huingia katika mzunguko: akikosa zinki huhara kwa urahisi zaidi, na akihara hupoteza zinki zaidi.

Serikali ilikwisha kuchukua hatua. Tangu mwaka wa 2012, unga wa mahindi na wa ngano unaouzwa kwenye pakiti unatakiwa kisheria kuongezwa virutubishi, chuma na zinki vikiwemo. Ni sheria njema. Ila familia nyingi hununua mahindi kwa gorogoro, lile kopo la kupimia nafaka, na kuyapeleka kisiagi, na huko hakuna kinachoongezwa.

Njia nyingine ni kuliacha zao lenyewe likusanye madini shambani, kabla halijafika sokoni. Mimea ya maharagwe hailingani: ipo inayovuta chuma kingi kutoka ardhini na kukiweka kwenye punje, na ipo inayovuta kidogo. Watafiti walipekua mbegu za asili zilizohifadhiwa kwenye hazina za mbegu, wakachagua zenye chuma kingi, kisha wakazichavusha na aina zinazozaa vizuri na kustahimili magonjwa. Kizazi baada ya kizazi walichagua watoto bora wa mimea hiyo. Kazi hii ilipata msukumo mkubwa ulimwenguni mradi wa HarvestPlus ulipoanzishwa mwaka wa 2003, na mwaka wa 2016 Tuzo ya Chakula Duniani ilikwenda kwa watu wanne wa fani hii, akiwemo Mganda Robert Mwanga aliyestawisha viazi vitamu vya rangi ya chungwa. Kwa kuwa swali hili huulizwa sana tangu serikali ilipotangaza mwaka wa 2022 kuondoa marufuku ya vyakula vya GMO, lijibiwe wazi: maharagwe haya si GMO. Yamepatikana kwa uchavushaji wa kawaida.

Je, yanafanya kazi mwilini? Ushahidi ulio karibu nasi unatoka Huye, Rwanda, mwaka wa 2013. Wasichana wa chuo kikuu 195, wenye akiba ndogo ya chuma mwilini, waligawanywa makundi mawili. Wote walikula maharagwe mara mbili kwa siku kwa siku 128. Kundi moja lilikula ya kawaida, yenye miligramu 50 hivi za chuma kwa kilo, na la pili likala yaliyoboreshwa, yenye miligramu 86. Mwishoni kundi la pili lilikuwa limepanda zaidi kwa kiwango cha damu na kwa akiba ya chuma. Vipimo vingine vilionyesha kwamba kumbukumbu na umakini wao navyo viliimarika. Hawakupewa dawa wala nyama ya ziada. Kilichobadilika ni mbegu tu.

Kwa hesabu ya jikoni, gorogoro ni kilo mbili. Kwa viwango vile vya Rwanda, gorogoro la maharagwe ya kawaida lina takriban miligramu 100 za chuma, na la yaliyoboreshwa lina 172. Tofauti ya 72 si ndogo kwa mwanamke ambaye mwili wake unahitaji kupata miligramu 18 hivi kila siku, na 27 akiwa mjamzito.

Hapa Kenya, shirika la utafiti wa kilimo la KALRO lilitoa aina mpya za maharagwe mwaka wa 2017. Inayojulikana zaidi ni Nyota, yenye chuma na zinki nyingi. Hukomaa upesi, hujaza tumbo gesi kidogo, na, jambo ambalo mpishi wa Kibera atalipenda kuliko yote, huiva haraka. Anayepikia meko au jiko la makaa anajua kwamba gharama ya maharagwe haiishii kibandani. Kuna familia zilizoacha kuyachemsha nyumbani kwa sababu ya bei ya gesi na makaa peke yake.

Ugumu uko sokoni. Kiazi lishe hujitambulisha kwa rangi yake ya chungwa, hata mtoto hukijua. Chuma na zinki hazionekani. Magunia yafikapo soko la Toi au la Kawangware, mara nyingi aina kadhaa zimekwisha kuchanganywa, na mama mboga huuza kwa jina la sura: rosecoco, wairimu, yellow. Hapaswi kulaumiwa, ndivyo alivyonunua. Mnunuzi aulize Nyota kwa jina, na aulize tena wiki ijayo. Mfanyabiashara akiona wateja wanaitaja, atamwuliza aliyemletea gunia. Chama cha akina mama kinaweza pia kuchanga pesa na kununua gunia moja kwa mkulima anayejulikana kupanda aina hiyo, kisha kuligawa kwa gorogoro.

Hata punje yenye chuma kingi haimpi mlaji chuma chote. Maharagwe yana faiteti, kemikali ya asili inayokishika chuma na zinki na kuzizuia kuingia mwilini. Yachaguliwe, yaoshwe, yalowekwe usiku kucha, na maji ya kulowekea yamwagwe. Faiteti hupungua na muda wa kuchemsha hupungua pia. Maji yanaponunuliwa kwa mtungi, kumwaga huuma, kwa hiyo yatumiwe kumwagilia sukuma iliyo kwenye gunia. Bustani za magunia zilienea Kibera tangu mwaka wa 2008, na bado ni shamba linalotosha mlangoni.

Sukuma hiyo ina kazi yake hapa. Vitamini C hukifungua chuma cha maharagwe kiweze kufyonzwa, nayo imo kwenye sukuma isiyopikwa hadi ikalegea, kwenye nyanya, hoho, ndimu, chungwa, embe na pera. Kamua ndimu juu ya madondo yaliyoiva, au mpe mtoto kipande cha chungwa baada ya kula. Omena kidogo ndani ya mchuzi pia husaidia sana, kwa kuwa samaki ana chuma chake na humsaidia mlaji kufyonza kile cha maharagwe.

Chai ndiyo inayorudisha kazi nyuma. Chapati madondo na kikombe cha chai ni mazoea ya miaka mingi, lakini majani ya chai hukifunga chuma, iwe strungi au chai ya maziwa. Hakuna haja ya kuiacha. Inywewe saa moja au mbili kabla au baada ya chakula, na wakati wa kula yanywewe maji. Mtoto mdogo asipewe chai kabisa.

Mtoto wa miezi sita ndiye wa kuangaliwa kwanza, kwa sababu akiba ya chuma aliyozaliwa nayo huwa inakaribia kwisha. Hadi umri huo anyonye maziwa ya mama pekee. Kisha aendelee kunyonya huku akilishwa maharagwe yaliyoiva sana na kupondwa laini, yakichanganywa na kiazi lishe au mboga. Mjamzito naye ale maharagwe haya, lakini asiache vidonge vya chuma na foliki anavyopewa kliniki. Na upungufu wa damu si wa chakula peke yake: malaria, minyoo na selimundu huuleta pia. Mwenye viganja vilivyopauka, mapigo ya moyo ya haraka au kuishiwa pumzi aende kituo cha afya apimwe damu. Sahani ya maharagwe haitamtibu.

Wengi wa Ayany na Kawangware wana ndugu mashambani, na mizigo ya nafaka hupanda basi kila wiki. Hapo pana mlango ulio wazi kuliko soko. Maharagwe hujichavusha yenyewe, kwa hiyo mkulima akinunua mara moja mbegu zilizothibitishwa anaweza kuweka mbegu zake na kupanda misimu kadhaa bila sifa ya chuma kupotea. Simu ya kumwomba mama mkwe au shangazi apande mistari michache ya Nyota ipigwe kabla ya mvua za Machi, au kabla ya zile za Oktoba. Nyota hukomaa kwa muda wa miezi miwili hadi miwili na nusu.