Betri Ikipata Moto: Linda Simu Inayobeba Biashara Yako

Boti za omena zikirudi alfajiri kwenye fuo za Mbita, Sindo na Muhuru Bay, simu huanza kazi papo hapo. Mvuvi analipwa, mama wa omena anatuma, wakala anatoa pesa taslimu. Simu ikizima saa hiyo, biashara nayo inasimama. Ndiyo maana leo tunaongea kuhusu adui mmoja wa betri: joto.

Kwa nini betri hupata moto?

Simu nyingi za siku hizi, pawabenki na taa nyingi za sola hutumia betri za lithiamu. Umeme ukiingia au kutoka kwenye betri, sehemu yake hugeuka kuwa joto. Uvuguvugu kidogo ni kawaida. Shida huanza joto hilo likikosa pa kutokea, au jua likiliongeza.

Betri nyingi za aina hii hazifai kuchajiwa zikiwa zimepita nyuzi joto 45. Zikizidi hapo, kemikali za ndani huchakaa haraka. Betri huanza kuisha chaji mapema, inaweza kuvimba kwa gesi, na hata kushika moto. Betri yenye kasoro ni hatari zaidi: mwaka 2016, Samsung iliondoa sokoni simu za Galaxy Note 7 duniani kote baada ya baadhi kuwaka.

Fanya hivi kila siku

- Chaji kivulini. Ukitumia sola, paneli ndiyo ikae juani. Simu, pawabenki au taa ya kuvulia ikae ndani, waya uifikie huko.
- Iache ipumue. Usichaji chini ya mto, juu ya godoro au ndani ya mkoba. Weka mezani au sakafuni pakavu.
- Ipumzishe ikichajiwa. Video, michezo na kugawa bando huongeza joto. Wewe wakala, jaza chaji kabla ya kufungua duka, usingoje foleni ianze.
- Angalia chaja na waya. Waya uliochunika au soketi iliyolegea huleta joto. Betri ya bei ya kutupa inaweza kukugharimu simu nzima.
- Wana boda, mkiegesha Rongo au Awendo mchana, msiache simu kwenye kishikilio juani.

Imeshapata moto?

Chomoa chaja, toa kava, zima simu na uiweke kivulini mpaka ipoe. Usiitie kwenye friji wala maji. Unyevu utaiharibu kwa njia nyingine.

Ukiona mgongo umevimba au ukisikia harufu kali, acha kuitumia na usiichaji tena. Usiitoboe wala kuikandamiza ili ifunge. Ikishapoa, mpelekee fundi unayemwamini. Ikitoa moshi, usiishike: ondoa watu karibu, zima umeme ukutani kama unaweza kufika bila hatari, kisha ita msaada.

Na pesa zangu je?

Tulia. Pesa zako haziko ndani ya simu. Ziko kwenye akaunti yako, na unazifikia kwa laini na PIN yako. Simu ikiharibika, hamishia laini kwenye simu nyingine uendelee. Laini nayo ikiungua, nenda dukani na kitambulisho chako ubadilishiwe. Namba inabaki ile ile.

Jambo moja tu: ukiacha simu kwa fundi au kwenye kibanda cha kuchajisha, toa laini kwanza. Na PIN usimpe mtu yeyote, hata kama anasema ni ya "kujaribu simu".

Leo jioni kabla ya kuchomeka chaja, toa kava na uguse mgongo wa simu yako. Kama umevimba au una joto kali, usichomeke. Kuzuia betri isiungue ni rahisi kuliko kununua simu mpya.