Spring, Guice au Dagger: Tuchague Ipi?

Safari hii nawalenga wale wanaoandika mradi wa mwisho kwa Java. Swali ninaloulizwa kila mara ni hili: kontena ya kupachika vitegemezi ni kitu gani, na ipi inafaa?

Tuchukue mfano wa programu ya mfuko wa rambirambi. Klasi ya Mchango inahitaji kitu cha kutuma SMS. Ukiandika new MtumaSms() humo humo ndani, kila ukiijaribu programu wanachama watapokea ujumbe wa msiba ambao haupo! Dawa yake ni kumkabidhi Mchango mtumaji wake kupitia konstrakta: siku ya majaribio unampa wa bandia, siku ya kazi wa kweli. Martin Fowler aliufafanua utaratibu huu katika makala yake ya mwaka 2004. Vitu vikishakuwa vingi, kuviunganisha kwa mkono kunachosha, na hapo ndipo kontena inapoingia.

Spring (toleo 1.0, mwaka 2004) ilianza na faili ndefu za XML, siku hizi alama na klasi za Java zinatosha. Ndani yake mna mambo ya wavuti, hifadhidata na mengineyo, kwa hiyo ni nzito kidogo.

Guice ya Google (2007) ni nyepesi. Maunganisho yote unayaandika kwa Java.

Dagger ilianzia Square mwaka 2012, na Dagger 2 ikaendelezwa na Google. Hii huandika maunganisho wakati wa kukompaili. Kitegemezi kikikosekana, kompaila inagoma pale pale, si usiku wa kuamkia siku ya kutetea mradi. Ndiyo maana watu wa Android wanaipenda.

Sasa angalieni mtego. Usipoiambia kitu, Spring hutengeneza kitu kimoja na kukigawa kwa wote. Guice na Dagger hutengeneza kipya kila kinapoombwa. Ukihama kutoka Spring bila kuweka @Singleton, daftari la michango lililo kwenye kumbukumbu litakuwa mawili: mweka hazina ana hesabu yake, katibu ana yake. Ugomvi huo!

Ushauri wangu: mradi wa wavuti, Spring, wa simu, Dagger, programu ya kawaida, Guice. Kama una klasi tano tu, achana na kontena, konstrakta zinatosha. Mwenye swali anione baada ya mkutano.