JITENGENEZEE PIPA LA KUZUNGUSHA LA KUTOA KUTU KWENYE BOLTI, NATI NA VIPURI VYA MASHINE ZA SHAMBA

Huku kwetu Mbarali mpunga umeshatoka shambani, mashine zinaingizwa stoo, na wengi wetu tutazisahau mpaka mvua zianze kupiga. Ndiyo maana leo naacha kidogo habari za mbolea na wadudu, tujifunze kupambana na kutu. Kutu haina kelele, lakini inakula mtaji kama panya ghalani.

KWA NINI NIMELETA SOMO HILI

Nianze na kosa langu mwenyewe. Misimu miwili iliyopita kikundi cha vijana kilinipigia simu. Walinunua pawatila iliyotumika. Maji ya tope yalikuwa yamepita kwenye oili sili iliyochoka yakaingia ndani ya rota, mnyororo umeota kutu na bolti za visu hazitamaniki. "Bwana shamba, tufanyeje?" Nikajibu kwa kujiamini kabisa: fungueni vyote, tumbukizeni kwenye maji ya betri usiku kucha. Nilishawahi kuona fundi akifanya hivyo. Asubuhi vilitoka vinang'aa, nikapiga mpaka picha.

Siku ya pili shambani mnyororo ukakatika. Pini zilivunjika kama biskuti, kipande kikapasua kava la rota. Kupata kava na mnyororo mwingine iliwachukua siku 12. Miche yao ya SARO 5 ilikuwa kitaluni, tayari ina siku 21, na ikapita siku 30 kabla haijapandikizwa. Mnajua wenyewe, mche ukizeeka kitaluni unatoa machipukizi machache. Mavuno yalipungua na mkopo ulikuwa unasubiri. Mwenyekiti wao hakunigombeza. Aliniambia tu, "Bwana shamba, sisi tulikuamini." Afadhali angenitukana.

Baadaye ndipo nikasoma nilichotakiwa kukijua mapema. Tindikali inapokula chuma inatoa haidrojeni, na sehemu ya haidrojeni hiyo inaingia ndani ya chuma chenyewe. Chuma laini hakidhuriki sana. Lakini chuma kigumu kama pini za mnyororo, springi na bolti ngumu kinakuwa tete. Kwa macho ni kizima, ukikipa mzigo kinavunjika ghafla.

Nikaanza kutafuta njia ya kutoa kutu bila tindikali. Nimeipata, nimeijenga na fundi wa kuchomelea wa kijijini, na kikundi kilekile sasa kinaitumia.

PIPA LA KUZUNGUSHA LINAFANYAJE KAZI?

Ni jambo rahisi. Unaweka vipuri ndani ya pipa pamoja na kokoto ndogo, mchanga mnene na maji ya sabuni, unafunga, pipa linazunguka taratibu likiwa limelala. Mzigo unapanda upande mmoja, unafika juu, unaporomoka. Katika kuporomoka huko kokoto zinasugua vipuri mamia ya mara. Ni kazi ile ya brashi ya waya, ila hapa hakuna mkono unaochoka, na mchanga unafika kwenye mikunjo ambayo brashi haifiki.

Siri kubwa ni mwendo. Likizunguka polepole mno, mzigo unateleza tu chini. Likienda kasi mno, mzigo unagandamana ukutani na kuzunguka na pipa, hakuna kinachosuguliwa. Kwa pipa lenye kipenyo cha sentimita 30, mgandamano huo unaanza kwenye mizunguko 77 hivi kwa dakika. Sisi tunataka nusu yake, yaani kati ya 35 na 45.

MAHITAJI

1. Pipa dogo lililonyooka, kipenyo sentimita 30 na urefu sentimita 40 hivi, lenye mfuniko wa kubana kwa bangili. Ndoo ya rangi iliyopanuka juu haifai sana, itakuwa inatembea upande mmoja.
2. Shafti 2 za milimita 20, na beringi 4 zenye nyumba zake, zile mafundi wanaita pilo bloki.
3. Mpira wa maji wa kuvalisha shafti. Ukishavaa, unene wa shafti ufike kama milimita 25.
4. Mota ya nusu hospawa, hata iliyotolewa kwenye pampu mbovu.
5. Puli mbili na mkanda.
6. Engo za chuma au mbao za mbili kwa nne kwa ajili ya fremu.
7. Vipande 3 vya engo nyembamba vya kuwa mbavu ndani ya pipa.

ANGALIZO: Usikate mtungi wa gesi kutengenezea pipa, hata kama unaamini ni mtupu. Na usitumie pipa lililokuwa na kiuatilifu. Hayo si ya kubahatisha.

HATUA ZA KUTENGENEZA

Hatua ya 1: Fremu. Tengeneza meza ndogo ngumu yenye kimo cha angalau sentimita 30. Funga shafti mbili sambamba juu yake, katikati ya moja hadi katikati ya nyingine iwe sentimita 20. Pipa litalala juu ya shafti hizo kama mtoto kwenye kitanda cha kamba. Shafti moja inavutwa na mota, nyingine inazunguka bure.

Hatua ya 2: Mbavu. Funga vile vipande 3 vya engo ndani ya pipa kwa urefu, kwa umbali sawa, viinuke sentimita 2 hadi 3. Bila mbavu mzigo unateleza na utakesha bure. Kila tundu la bolti weka washa ya mpira lisivuje.

Hatua ya 3: Vizuizi. Pipa lina tabia ya kusogea mbele au nyuma. Weka kigurudumu kidogo kila mwisho wa fremu kulizuia.

Hatua ya 4: Mwendo. Hapa wengi wanakosea, kwa hiyo twende pamoja. Soma kibao cha mota. Kama kimeandikwa mizunguko 1,440, funga puli ya inchi 2 kwenye mota na ya inchi 6 kwenye shafti. Shafti itazunguka mara 480. Pipa ni nene mara 12 kuliko shafti (sentimita 30 kwa 2.5), kwa hiyo 480 gawanya kwa 12 ni 40. Umefika penyewe. Lakini mota nyingi ndogo za pampu zimeandikwa 2,850. Hapo puli ya shafti iwe ya inchi 12, utapata karibu 40 vilevile. Ukiwa na shaka, chora alama ya chaki kwenye pipa, uhesabu kwa dakika moja.

Hatua ya 5: Usalama. Funika mkanda na puli kwa wavu au bati. Mota ifungwe waya wa ethi na isikae mahali maji yanapodondokea. Ukifanya kazi hapo usivae kanga, mtandio wala shati lenye mikono mipana, na watoto wakae mbali.

Wasio na umeme msikate tamaa. Pitisha shafti katikati ya pipa, funga sprokete kubwa ya baiskeli kwenye shafti hiyo, na nyingine yenye meno sawa kwenye pedali. Ukikanyaga mara 40 kwa dakika, pipa nalo linazunguka mara 40. Ni mwendo wa mtu anayeendesha huku anapiga soga. Mpokezane.

NAMNA YA KUTUMIA

Kwanza ondoa grisi na tope. Osha vipuri kwa dizeli kidogo halafu sabuni. Grisi ikibaki, mchanga unaganda juu yake na kutu inabaki chini salama salimini.

Pili, tenganisha. Visu vya rota visichanganywe na nati ndogo, vizito vitaponda vyepesi. Nati zitoe kwenye bolti, kila kimoja kizunguke peke yake.

Tatu, pakia. Jaza pipa nusu tu. Kwa kila sehemu 1 ya vipuri weka sehemu 3 za kokoto ndogo zenye kona kali zilizochanganywa na mchanga mnene wa mtoni. Mimina maji mpaka yafike usawa wa kokoto, ongeza vijiko viwili vya sabuni ya unga. Uzito wote utakuwa kama kilo 30 na kitu, msinyanyue mtu mmoja. Usizungushe mchanga mkavu, vumbi lake linaharibu mapafu.

Nne, zungusha. Kutu nyepesi saa 2 hadi 4. Kutu nzito inaweza kuhitaji saa 8 mpaka 12. Kila baada ya saa 2 zima, fungua mfuniko taratibu, angalia. Mota ya nusu hospawa ikifanya kazi saa 6 inakula kama uniti 2 hadi 3 za umeme, piga hesabu kwa bei unayonunulia.

Tano, na hapa ndipo watu wanapoharibu kazi yote: kukausha. Chuma kilichotoka kusuguliwa kiko uchi. Ukikiacha na unyevu, ndani ya saa moja kimeshaanza kuwa cha njano. Suuza kwa maji moto, pangusa, anika juani, halafu paka oili siku hiyohiyo, vikiwa bado na joto. Vya kuhifadhi muda mrefu vipake grisi. Na maji machafu ya pipa usimwage kwenye mfereji wa umwagiliaji. Chimba shimo mbali na maji.

VITU VISIVYOINGIA KWENYE PIPA

Beringi, mnyororo wa rota, plagi, pistoni, nozeli na chochote kinachohitaji kipimo kamili visiingie. Punje moja ya mchanga ikibaki ndani ya rola za mnyororo itausaga kama kinu. Mnyororo wa rota wenye kutu nyepesi osha kwa dizeli na brashi. Wenye kutu nzito, nunua mpya, hakuna njia ya mkato. Nawaambia mimi niliyejaribu. Mnyororo wa kawaida wa kuvutia plau, ule wa pete kubwa, huo ruksa.

Usitie siki, maji ya betri wala tindikali yoyote ndani ya pipa lililofungwa. Gesi itajaa na pipa linaweza kupasuka. Vilevile usichanganye aluminiamu au vyuma vilivyopakwa zinki na magadi, navyo vinatoa gesi.

BAADA YA KUTU KUTOKA, PIMA

Pipa linasafisha, halirudishi chuma kilicholiwa. Chukua bolti, izungushie nati kwa mkono. Ikipita laini bila kuchezacheza, ni nzima. Ikicheza, au meno yamekuwa membamba, au shingo imelika, tupa. Kama kichwani imeandikwa 8.8, mbadala wake nao uwe 8.8. Bolti ya bei rahisi kwenye kisu cha rota ni ajali inayosubiri siku. Kikundi changu walisafisha bolti zote za visu, na zilizofeli kipimo wakanunua mpya. Hawakununua boksi zima kama mwanzo walivyotaka, na hawakufunga mbovu hata moja.

KAZI YA WIKI HII

Ingia stoo na kopo moja. Kusanya kila bolti, nati, pini na kisu chenye kutu, uvihesabu. Andika vingapi vinaokoleka na vingapi ni vya kutupa. Hiyo ndiyo bajeti yako ya vipuri, na ukiifanya sasa hutakimbizana na wauza spea mvua ikiwa imeshaanza. Kama mko kikundi, pipa moja linatosha watu wote.

Yule mwenyekiti mwaka huu alinipigia tena. Nilidhani kuna lingine limevunjika. Kumbe alitaka niende kuona pawatila inavyopiga tope. Nilienda. Miche ilikuwa na siku 20.

Somo lijalo tutaangalia namna ya kubadilisha oili sili ya rota wewe mwenyewe, maana kuzuia maji yasiingie ni bora kuliko kusugua kutu. Kazi njema.