Kufunga Feni ya Umeme katika Motokaa

Motokaa iendayo Kakamega kutoka Kisumu huanza kupanda mlima mara iuachapo mji, ikapita Kiboswa, Majengo, Mbale na Chavakali kabla ya kufika. Ikiwa imejaa abiria na mizigo, tena iko nyuma ya lori linalojikokota, injini hufanya kazi nzito hali upepo uingiao mbele ni mchache. Hapo ndipo mshale wa joto uanzapo kupanda. Dereva asiyeutazama hushtuliwa na mvuke chini ya boneti, na akiendelea hivyo hivyo, kichwa cha injini hupindika na gasketi yake huungua. Matengenezo yake ni ya gharama kubwa, na kwa mtu apataye riziki kwa gari lake, ni siku nyingi bila mapato.

Kazi ya feni

Feni huvuta hewa ipite katika rejeta wakati gari linapokwenda polepole au limesimama. Gari likienda mbio, upepo wenyewe watosha. Katika magari mengi ya zamani, na katika malori na pikapu nyingi hata leo, feni huzungushwa na injini yenyewe. Ubaya wake ni kwamba injini ikizunguka polepole, feni nayo huzunguka polepole, nao ndio wakati inapohitajiwa zaidi. Feni ya umeme huzunguka kwa nguvu zake zote hata injini ikiwa imetulia. Ndiyo sababu mwenye gari ambaye feni yake ya kwanza imevunjika hununua ya umeme, ama mpya ama iliyotolewa katika gari jingine, akampelekea fundi aifunge.

Lakini feni haiponyi rejeta iliyo mgonjwa. Kakamega iko mita 1,500 hivi juu ya bahari. Mombasa maji huchemka yakifika digrii 100 za sentigredi; Kakamega huchemka karibu na digrii 95. Mfuniko wa rejeta ulio mzima huyabana maji, yasichemke mpaka yapite digrii 110. Mfuniko uliolegea huyaacha yachemke mapema, huku feni ndiyo kwanza inaanza kuzunguka. Kwa hiyo yafaa kuchunguza kwanza mfuniko, mabomba ya mpira, pampu ya maji, thamostati, na kama rejeta haikuziba. Mfuniko usifunguliwe kamwe wakati injini ina moto, kwa maana maji yake huruka na kuunguza uso.

Hesabu ya umeme

Kabla ya kukata waya wowote, fundi apige hesabu. Nguvu ya feni huhesabiwa kwa wati. Wati zikigawanywa kwa volti, jawabu ni ampea, yaani wingi wa umeme upitao katika waya. Feni kubwa ya wati 240 katika gari la volti 12 hula ampea 20. Taa mbili kubwa za mbele, kila moja ya wati 55, hula ampea 9 hivi. Basi feni moja hula zaidi ya mara mbili ya taa hizo, na wakati inapoanza kuzunguka huhitaji umeme mwingi zaidi kwa muda mfupi.

Umeme ni kama maji ya mfereji: mfereji mwembamba hauwezi kupitisha maji mengi. Waya wa shaba wenye unene wa milimita mraba 1 na urefu wa mita 3, ukipitishwa ampea 20, hupoteza volti 1 hivi njiani na kutoa joto la wati 20. Waya wa milimita mraba 4 wenye urefu ule ule hutoa joto la wati 5 tu. Huo wa kwanza, ukifungwa pamoja na nyaya nyingine ndani ya tepu, huweza kuyeyusha mpira wake na kuwasha moto.

Njia mbili

Watu wengine huunga feni moja kwa moja katika waya wa swichi ya ufunguo. Feni huzunguka, na mwenye gari hufurahi. Lakini swichi ile haikutengenezwa ili ipitishe mzigo mkubwa namna hiyo. Vyuma vyake huungua, na siku moja gari hukataa kuwaka. Dawa yake ni kutenga njia mbili: njia ya nguvu na njia ya amri. Kinachoziunganisha ni kifaa kidogo kiitwacho rilei. Rilei ni kama nyapara: husikia amri ndogo, akawaamuru wenye nguvu wabebe mzigo.

Rilei ya kawaida ina miguu minne, na kila mguu una namba yake. Iungwe hivi:

Mguu wa 30 upokee waya mnene kutoka ncha chanya ya betri, kwa kupitia fyuzi.

Mguu wa 87 upeleke waya mnene mpaka waya chanya wa feni.

Mguu wa 86 upokee waya mwembamba wenye umeme wakati ufunguo umewashwa tu, kwa kupitia fyuzi ndogo ya ampea 5.

Mguu wa 85 upeleke waya mwembamba mpaka swichi ya joto, na kutoka hapo mpaka bodi ya gari.

Waya hasi wa feni ufungwe katika bodi, mahali palipokwanguliwa rangi hadi chuma king'ae. Kwa feni ya ampea 20, waya wa milimita mraba 4, fyuzi ya ampea 30 na rilei ya ampea 40 hufaa.

Fyuzi kubwa iwekwe karibu kabisa na betri. Kazi yake si kuilinda feni tu, bali kuulinda waya wote. Ikiwa fyuzi iko mbali, sehemu ya waya kati yake na betri haina mlinzi. Ikigusa chuma, itawaka.

Swichi ya joto huchaguliwa kwa digrii zake. Iko ambayo huwasha feni maji yafikapo digrii 92 na kuizima yapoapo chini kidogo. Hiyo huipumzisha feni na betri wakati hakuna haja.

Kazi yenyewe

Fundi aanze kwa kufungua ncha hasi ya betri. Feni ifungwe kwa vyuma imara, isining'inizwe kwa kupenya vijiti vya rejeta, kwa maana mtikisiko wa barabara mbovu huvitoboa. Nyaya zipitishwe mbali na eksozi na mikanda, na kila zipitapo tundu la chuma zivishwe mpira. Viungo vibanwe au vilehemiwe kwa risasi. Kusokota kwa vidole na kuzungushia tepu hakutoshi.

Baadaye injini iwashwe hadi ipate joto, feni ianze yenyewe. Karatasi ikiwekwa mbele ya rejeta yapasa inatwe humo. Ikirushwa nje, feni yazunguka kinyume, inashindana na upepo wa safari. Basi mzunguko wake ugeuzwe. Kisha waya mnene uguswe baada ya dakika kumi: ukiwa na vuguvugu si neno, lakini ukiunguza mkono, ni mwembamba mno au kiungo chake kimelegea.

Fyuzi ikikatika, isibadilishwe kwa kipande cha waya wala kwa fyuzi kubwa zaidi. Imekatika kwa sababu, na sababu hiyo itafutwe. Tena jenereta ya gari ipimwe. Dinamo za magari ya zamani, ambazo nyingi zilitoa ampea 22 tu, haziwezi kulisha feni kubwa pamoja na taa usiku. Betri itakwisha njiani.

Rilei, fyuzi na mita chache za waya mnene ni vitu vya bei nafuu dukani. Mwenye gari anayeambiwa na fundi kwamba havihitajiwi, na amwombe amwonyeshe fyuzi ya feni iko wapi. Ikiwa haipo, kazi haijakwisha, na gari lisiondoke.